Mseto Usioonjwa

Angelika binti Dionizi hakuwahi kumpa mtu chakula bila kukionja kwanza mbele yake. Kwao Burundi ndiyo adabu: mwenye nyumba huonja, mgeni akaona, akala kwa amani. Lakini kwa Angelika jambo hilo lilipita adabu. Walipokuwa kambini Tanzania, mtoto wa jirani alikula kwao, kesho yake akafa kwa homa, na jirani akanong'ona kuwa ni sumu. Mama yake Angelika alizikwa na neno hilo. Jirani huyo sasa anaishi ughaibuni, mjini Buffalo, na simu yake haipumziki kulieneza.

Angelika naye alikaa huko huko ughaibuni, mji wa Columbus, akitunza wazee majumbani mwao. Alipopelekwa kitongoji cha Gahanna kwa Mama Protima, mjane wa Kibengali aliyepindwa vidole na baridi yabisi, alijua ataogesha na kupika. Hakujua kwamba atampikia pia mungu wa kike wa shaba aliyekaa juu ya kabati.

Kinyaa kilimshika siku ile ile. Sanamu lilikuwa limepakwa rangi nyekundu kwenye paji la uso, na sahani ya wali ikawekwa mbele yake kama inavyowekwa mbele ya baba mkwe. Hetal, mke wa mwanawe Mama Protima, alizaliwa jimbo la Gujarati. Alimweleza Angelika kuwa kwao, mwaka mpya, mungu hupangiwa mlima wa vyakula na vitamu, bila nyama hata kidogo; kisha akakunja pua akasema kuwa hawa Wabengali wana mungu mwingine wanayempelekea hata samaki na mbuzi. Angelika alikunja pua kwa wote wawili. Watu wazima na elimu yao, wakibishana shaba inapenda mboga gani.

Ikafika sikukuu ya yule mungu wa kabatini. Mama Protima, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, aliagiza mseto wa mchele na choroko zilizokaangwa, tangawizi na samli, bila kitunguu wala kitunguu saumu. Angelika akaupika kwa moyo. Kazi ni kazi, na jina la ukoo halipikiwi uchafu. Ulipoiva akauleta na sufuria yake, akasimama wima mbele ya mzee, akadondosha kidogo kiganjani, akaonja.

Uso wa Mama Protima ukageuka kama ameona panya chunguni.

"Umekula kabla ya mungu," alisema. "Mwaga."

Hetal akamwaga wote kwenye pipa la taka.

Chakula cha mkono wake kimetupwa kama sumu, mbele ya macho yake, na tayari alikuwa akiwasikia watu wa Buffalo.

"Kwetu, Mama, anayetoa chakula bila kukionja ndiye mwenye sumu."

"Kwetu, anayemwonjea mungu amemtemea mate."

Wakatazamana, kila mmoja akimwona mwenzake mchafu. Mwisho mzee akamwomba apike tena, kwa sauti ya chini, kwa kuwa vidole vyake havikuweza.

Akapika. Mkono ukauendea mwiko, akaurudisha mgongoni. Mseto ukapelekwa kabatini, kengele ikalia. Kisha Mama Protima akachota kwenye sahani mbili, moja akamnyooshea Angelika.

Angelika akaona mtego. Akila, amekula cha sanamu. Akikataa, amemwita mzee wa watu mwenye sumu, kama mama yake alivyoitwa.

"Onja wewe kwanza, Mama."

Mama Protima akaonja. Uso ukajikunja.

"Hauna chumvi."

"Ningejuaje?"

Hetal akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Angelika hakucheka. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akaiweka mezani.

"Nimekuona ukionja," alisema. "Kwa hiyo siogopi sumu, na asije mtu akasema niliogopa. Nimebatizwa, Mama. Cha sanamu sili."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akamwomba chumvi.

Jioni Angelika alimpigia dada yake Kostansia, aliyeko mji wa Shively, akamweleza yote, na pipa la taka pia, ili Buffalo wakisikia, habari iwe imetoka kwake mwenyewe. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, akarudia, mpaka harufu ya ile samli ikamtoka.