Mchungwa Ndani ya Ndoo ya Rangi

Sitaki mtu aniambie kwamba miti ni kama watoto. Mtoto ukimwita anaitika, au angalau anakukatia simu ukajua yuko hai. Mti unanyamaza tu. Nasema hivyo kwa sababu veranda yangu hapa Machakos mjini imejaa ndoo za rangi na jerikani zilizokatwa vichwa, kila moja na mlimau wake au mchenza wake, na watu wanaopita kwenda kanisani husimama kwenye geti wakauliza bei. Siuzi! Nimeshawaambia mpaka nimechoka.

Kazi yenyewe ni hii. Unaotesha mbegu za limau, lile lenye ngozi ya mikunjo ambalo hakuna mtu hulimenya kwa raha. Udongo uwe na mchanga wa mto na samadi ya mbuzi. Shina likinenepa kama penseli, unapasua gome lake kwa wembe, unachomeka humo jicho moja la kuchipuka lililobanduliwa kwenye tawi la mchungwa, kisha unalifunga. Chini mlimau, juu mchungwa. Mlimau huvumilia kiu, mchungwa huleta utamu. Wengine hununua mkanda wa kufungia. Mimi huchana karatasi ya mkate, ile ya nailoni, maana tangu mke wangu afariki nakula mkate zaidi kuliko ugali. Nani atasonga ugali wa mtu mmoja?

Mchungwa wa mke wangu ulikuwa kule nyumbani, upande wa Tala, nyuma ya jiko, pale alipokuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo. Aliupanda mwenyewe kwa mbegu aliyoitema mkononi na kuisukuma ardhini kwa kidole gumba, huku mimi nikimcheka. Machungwa yake yalikuwa na mbegu nyingi ajabu, na ngozi ilibaki kijani hata yakiiva, kwa hiyo wezi waliyapita wakidhani ni mabichi. Lakini utamu wake, wacha tu.

Basi mtoto wa ndugu yangu akanipigia simu. Ile sehemu iliangukia upande wao tulipogawana shamba, na sasa alitaka kujenga vyumba vya kupangisha.

"Baba mdogo, ule mti umesimama pale msingi unapita."

Nilifoka mpaka simu ikapata joto. Lakini kufoka hakuhamishi msingi. Alichonikubalia ni kungoja nifike kwanza. Nilikata matawi yenye macho mazuri, nikayafunga kwa gazeti lililoloweshwa, nikapanda boda boda nikiwa nimeyakumbatia kifuani. Nyuma yangu nikasikia panga linaanza kazi. Sikugeuka.

"Mzee, hiyo ni dawa?" dereva akaniuliza.

"Ni mke wangu," nikamjibu.

Akapunguza mwendo kwenye kila shimo mpaka tukafika steji.

Macho yale niliyachomeka kwenye kila mlimau niliokuwa nao. Hapo hakuna la kufanya ila kungoja. Ukibandua jicho unaliachia kikonyo cha jani, na kikonyo hicho ndicho hukupa habari. Ukikigusa kikadondoka, jicho limeshika. Kikikatalia pale, kimekauka, na jicho nalo limekufa. Niligusa ndoo baada ya ndoo. Vikakatalia, kimoja kimoja, mpaka nikaanza kuogopa kugusa. Kwenye ndoo ya bluu kikadondoka.

Nililia, sitaficha. Mzee mzima nimechuchumaa verandani, nalia kwa sababu kikonyo kimeanguka. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, kula tena chungwa la mke wangu kabla sijamfuata. Moja lingetosha.

Aliyeniona nikilia ni jirani yangu, mama wa Kipwani aliyekuwa akipika mahamri ya kuuza asubuhi. Kati yetu palikuwa na ukuta mfupi, na kila siku alikuwa akiegemea pale na leso yake kichwani.

"Mzee wa ndoo, wanao wameamkaje?"

"Wameamka na njaa."

"Na baba yao?"

"Baba yao hana shida. Niko na kazi, mama, niache."

Alikuwa akicheka na kunipitishia hamri moja juu ya ukuta. Siku nyingi sikuongea na mtu mwingine mpaka jua likatua.

Jicho lilichipua, likatoa majani mawili madogo. Ikaja baridi ya Julai, na kikohozi kikanilaza. Binti yangu akaja mbio kutoka Syokimau, daktari akasema ni nimonia, nikaambiwa nitakaa kwake mpaka nipone. Nilimpa jirani ufunguo wa geti.

"Maji kila asubuhi," nikamwambia. "Na kwenye ndoo ya bluu, chochote kinachochipuka chini ya karatasi ya mkate ni mlimau. Kikwanyue kwa kidole. Ukikiacha, kitakula chakula chote na mchungwa utakufa njaa."

"Hata kikiwa kizuri?"

"Hasa kikiwa kizuri."

Kule Syokimau nilikaa kwenye ghorofa, binti kazini, televisheni ikinipigia kelele siku nzima. Jioni alikuwa akiniuliza, "Baba, leo umeshindaje?" na mimi nilikuwa sina la kumsimulia. Nilikuwa nikiwaza ndoo ya bluu tu.

Siku niliyorudi niliiona toka getini. Kijani kimefurika! Matawi mazima, majani yanang'aa. Aiya, moyo wangu uliruka, nikaacha mkoba chini nikaenda nusu mbio. Nikachuma jani, nikalifikicha, nikanusa.

Limau. Limau tupu, na miiba yake. Juu ya karatasi ya mkate majani yangu mawili yalikuwa meusi, yamesinyaa. Nikakwaruza jicho kwa ukucha. Lilikuwa kavu kabisa.

Nilimwita. Alikuja akitabasamu, akipangusa unga mikononi.

"Nilikwambia nini?"

Tabasamu likamtoka. "Nilikuwa nakikwanyua, Mzee, Mungu shahidi yangu. Lile jicho likakauka wiki ya upepo. Nikalifunika na leso, wapi. Basi nikasema, mtu anatoka kuumwa, aje akute kijiti kikavu? Ndio nikaacha kijani kiwepo. Na majani yake mazuri kwa kikohozi, ukiyachemsha."

"Nani alikuomba huruma? Nilikuomba maji! Mke wangu umemuua mara ya pili!"

Alitoa ufunguo wa geti kwenye pindo la leso, akauweka juu ya ukuta, akaenda.

Kesho yake hakuegemea ukutani. Wala keshokutwa. Nilikuwa nikimsikia akifagia, akimwaga maji, na harufu ya mahamri ikinijia bila hamri. Nikasema sawa, na ajikaze, mimi pia najua kujikaza. Nilingoja aanze yeye. Mti wangu haukuwa tena duniani, si kule Tala wala kwenye ndoo, na mimi ndiye niliyefiwa, kwa hiyo nikaona ni haki yangu kungojewa. Jumamosi moja nikasikia vyombo vinagongana kwake, nikadhani anafanya usafi.

Mvua za Novemba zilirudi na kikohozi changu. Nikachuma yale majani, nikayachemsha kwa hasira, nikanywa. Yalikuwa machungu kidogo, yenye harufu nzuri. Nilipokunywa kwa siku kadhaa kifua kikafunguka. Nikajiambia, we mzee, acha ujinga. Nikachuma majani mkono mzima, nikavaa koti, nikapita nje mpaka getini kwake nikapiga hodi.

Alifungua msichana nisiyemjua, mswaki mdomoni.

"Yule mama alihama," akasema. "Nasikia alirudi Pwani kwa watoto wake."

"Hakuacha neno?"

"Kwangu hakuacha, mzee. Kwani mlikuwa jamaa?"

"Alikuwa jirani."

Nikampa yale majani. Akauliza ni ya nini, nikamwambia ni ya kikohozi. Akashukuru, akafunga geti.

Asubuhi iliyofuata nilitoka verandani na kikombe changu, nikasimama mbele ya ndoo ya bluu, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema, kwa sauti ile ya Kipwani, "Mzee wa ndoo, wanao wameamkaje?"

"Wameamka na njaa," nikajibu, nikaenda kuchota maji.