Nilivyokufa Vitani Muthangari

Harufu ya rangi ya kupuliza, ile ya fedha inayokwaruza koo, ndiyo hunirudisha shuleni Muthangari. Kila nikipita karibu na fundi anayepaka geti, miguu yangu huanza kuchezacheza yenyewe, na mara niko darasa la sita, muhula wa tatu, mvua za vuli zimeanza, mimi na wenzangu tunakata mitungi ya mafuta ya kupikia na kuipuliza rangi ili tuivae kichwani kama kofia za chuma za askari wa Uingereza wa karne ya kumi na saba. Mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Wafula, alikuwa amesoma ng'ambo mwaka mmoja, na huko, badala ya kwenda kutazama mpira Jumamosi kama watu, akajiunga na wazee wenye heshima zao waliokuwa wakivaa majoho ya kale na kupigana upya, kwa mikuki ya uongo, vita vya mfalme na bunge lake. Wengine wakirudi huleta chokoleti. Yeye alituletea vita. Mzazi mmoja alimuuliza kwa nini tuigize vita vya wenyewe kwa wenyewe vya watu wengine, kana kwamba sisi tumekosa vyetu. Akajibu kwamba vyetu bado vina wenyewe, na akivileta uwanjani watakaopigana ni wazazi, si watoto. Hakuulizwa tena.

Mimi nilikuwa mtoto asiyetulia, na sisemi hivyo kwa majivuno. Tulikaa Kileleshwa, orofa ya tatu, mimi na mama peke yetu. Yeye alikuwa karani katika ofisi ya serikali kule Upper Hill, mwanamke wa kunyoosha sketi kabla ya kuketi na kukunja leso mara nne. Kunizaa mimi kulikuwa mzaha wa Mungu. Mezani nilitikisa meza, kanisani nilihesabu vioo vya madirisha kwa sauti, darasani nilifungua skrubu za kiti nilichokikalia mpaka kikaanguka nami ndani yake. Neno la mama lilikuwa moja, asubuhi na jioni: "Mwende, kwani umekalia siafu?" Mwalimu mkuu alimwita ofisini mara tatu mwaka huo kwa ajili yangu. Mara ya tatu, tukishuka ngazi, mama alisema polepole, na upole wake ndio ulionitisha, "Ukiitwa tena, Januari unaenda Kitui kwa susu. Mimi nimechoka." Susu ni nyanya yangu, mzaa mama, na nilimpenda. Lakini kwenda kuishi Kitui kulikuwa kumwona mama likizo kwa likizo, na kumwacha ale chakula cha jioni akitazamana na kiti kitupu.

Mwalimu Wafula alitugawa pande mbili. Watu wa mfalme walivaa kofia zenye manyoya ya kuku na kujigamba. Watu wa bunge waliitwa Vichwa Mviringo, kwa sababu zamani hizo, alisema, walikata nywele fupi kuwadharau wale wenye mashungi. Mimi nikawa Kichwa Mviringo, na si hivyo tu, nikapewa kuwa maiti wa kwanza. "Kazi yako ni moja," aliniambia. "Mzinga wa kwanza ukilia, unaanguka. Ukishaanguka, usitingisike mpaka usikie ngoma ya mwisho." Mwalimu mkuu aliyekuwa amesimama pale pembeni akaongeza kwamba nikiharibu mchezo mbele ya wazazi wote, ataniona ofisini na mama yangu. Nikaona Januari inakuja mbio.

Barua ya shule ikapelekwa nyumbani: Mwende atakuwa Kichwa Mviringo, aje amejitayarisha. Mama alikuwa mtu wa serikali, na kwake barua yenye muhuri ilikuwa amri. Jumamosi akanishika mkono hadi kwa kinyozi. Sikuamini mpaka mashine ilipogusa kisogo. Nilitoka pale kichwa kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na Jumatatu rafiki yangu Makena, aliyekuwa upande wa mfalme, akanipokea langoni, "Niaje, kipara!" Mwalimu Wafula alijifunika mdomo kwa daftari. Kumbe nywele zilitakiwa kufichwa tu ndani ya mtungi. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Katika darasa zima hakuna hata mmoja aliyetia maji.

Jioni mama alimpigia susu simu na kumsimulia kama kichekesho. Susu hakucheka. Aliuliza, "Nani amekufa?" Kwao mtoto hanyolewi hivyo bila nyumba kuwa na msiba. Mama akamweleza habari za mfalme na bunge, na kwamba mimi nitalala chini kidogo tu, nikiigiza. Susu akasema, "Mwambie asilale. Mtu haonyeshi kifo kitanda chake." Mama alicheka tena, lakini kicheko hicho kilikuwa kifupi. Wiki zile alinisaidia kufanya mazoezi, mimi nimelala sakafuni sebuleni, yeye ameshika saa. "Dakika moja na nusu, umejikuna." "Mbili, umecheka." Sikuwahi kuvuka dakika mbili. Mara kadhaa nilimkuta amesimama mlangoni akitazama kichwa changu, na nikimuuliza kuna nini anasema, "Hakuna. Enda usome."

Siku ikafika, alasiri, nyasi mbichi za mvua ya usiku. Wazazi walijaa kwenye viti vya plastiki. Tuliingia na mikuki ya mipini ya kupigia deki, mizinga yetu ikiwa mifuko ya karatasi iliyojaa unga wa ngano ambayo wenzetu waliipasua kwa makofi. Wa kwanza ulipopasuka niliruka juu, nikapiga ukelele niliouandaa mwezi mzima, nikaanguka. Kofia ikaviringika mbali. Unga ukanishukia usoni. Nilikuwa bado najisifu moyoni niliposikia mng'ato wa kwanza kwenye kifundo cha mguu, wa pili kwenye shingo, kisha wote wakapanda. Nilikuwa nimeangukia njia ya siafu.

Anayewajua siafu anajua kwamba hawaumi na kuachia. Walinipanda kichwani, kwenye ule upara usio na unywele wa kuwakwamisha, na kila mmoja akachagua mahali pake. Kila kiungo changu kilitaka kuruka. Nikasema moyoni, Kitui, Kitui, Kitui, nikauma meno, macho nikayaacha wazi yakitazama mbingu. Dakika mbili zikapita, nadhani zikapita tano. Sijawahi kutulia hivyo, kabla wala baada. Kisha nikasikia viatu vya kisigino vikikimbia, na sauti ambayo sikuitambua mara moja kuwa ya mama. Alikuwa amepita katikati ya majeshi yote mawili, akiwasukuma wa mfalme na wa bunge kwa mkoba. "Mwende! Tingisika! Mwanangu, tingisika, hata kidogo!"

Ngoma ilikuwa haijalia. Nikamnong'oneza bila kufungua midomo, "Mama, bado."

Akaketi palepale kwenye nyasi bila kunyoosha sketi, akilia na kucheka. Nikaona inanipasa kumwambia. "Mama," nikasema, "umekalia siafu."

Alivyoruka! Karani wa serikali alicheza ngoma isiyo na jina mbele ya wazazi wote, akijipiga mapaja, na vita vya Uingereza vikaishia hapo, mfalme akiwa hajashindwa. Ofisini tuliitwa, bila shaka. Mama alisimama, uso umevimba, akamwambia mwalimu mkuu, "Ni mimi nimeharibu. Kama kuna wa kupelekwa Kitui, ni mimi." Jioni alinitoa vichwa vya siafu utosini kwa kucha, kimoja kimoja, na kila alipotoa kimoja nilitikisa goti, naye akaliacha litikisike. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kitui haikutajwa tena.

Leo mimi ndiye ninayekaa kitini Upper Hill, kwa muda wa saa nane kila siku, na bosi husifu utulivu wangu. Binti yangu Ndanu ana miaka tisa. Hukaa kwenye kochi na tableti tangu chakula cha mchana hadi giza, wageni wananipongeza, walimu wake wanaandika kwamba ni mtoto mtulivu. Nilikuwa nikiyapokea kama zawadi. Jumapili iliyopita fundi alikuwa akipaka geti letu rangi ya fedha, harufu ikapanda mpaka dirishani, nikageuka nikamwona: mikono haisogei, miguu haisogei, mwanga wa skrini umemfanya uso mweupe kama unga. Hofu iliyonishika sikuwa nayo hata chini ya wale siafu. Nilitembea hadi jikoni nikarudi, nikaenda tena nikarudi, kisha nikamsimamia.

"Ndanu," nikasema, "tingisika. Hata kidogo."

Hakuinua macho. Amekaa sana na nyanya yake, na maneno ya mama yangu yakatoka kinywani mwake: "Mum, kwani umekalia siafu?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Vaa viatu, twende."