Sufuria ya Watu wa Figo

Siku ya kwanza pale jikoni ya hospitali, inchaji wetu, mama msimamizi wa jiko, alinipatia sufuria moja akaniambia, "Hii ni ya watu wa figo. Chumvi ikiingia hapa, na wewe unatoka." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mimi nilikuwa nimetoka kupikia watu maharagwe Mathare, shule nilionja tu. Huyo mama akanifunza polepole. Figo ndiyo chujio ya mwili. Ikichoka, chumvi inajaza mtu maji, miguu inafura. Halafu kuna kitu inaitwa potasiamu, iko mingi kwa ndizi, tende, parachichi, nyanya, viazi. Mwenye afya haimsumbui, lakini figo ikilala inabaki kwa damu, inaweza simamisha moyo. Kwa hivyo viazi tulikata vidogo, tukachemsha na maji mingi, hayo maji tukamwaga. Wajukuu wangu, niliona ni uharibifu.

Baadaye nikapelekwa wodini kugawa chakula. Huko nikapata Mzee Yusufu, fundi wa nguo wa Eastleigh, anasafishwa damu na mashine. Sahani yangu aliisukuma. "Mama, hii ni chakula ama ni adhabu?" Akazidi kukonda uso, lakini miguu inafura. Kumbe bibi yake, Mama Rukia, alikuwa anamletea ndizi na supu ya mifupa, chumvi tele, chupa imefichwa ndani ya buibui. Daktari akapima damu, akatuambia akiendelea hivyo tutampoteza.

Inchaji akamwita Mama Rukia jikoni akamweleza. Yeye akalia. "Dada, kwetu nani huenda kuona mgonjwa mikono mitupu?"

Inchaji akamvutia kiti. "Basi leta limau. Na tangawizi, kitunguu saumu, dhania. Hizo zinaleta ladha bila chumvi."

Akaleta. Nikamwachia jiko, akakaanga kabeji yake mwenyewe na kuikamulia limau kidogo, mimi nikapakua wali. Mzee Yusufu alinusa kabla sijaweka sahani chini. Akamaliza yote, akamgeukia bibi yake. "Kwani miaka yote hii ulikuwa unajua kupika?" Wodi nzima ilicheka.

Sasa nimestaafu, nimetulia Dandora, na nashukuru sana. Figo za Mzee hazikupona, bado anaenda kwa mashine. Lakini Idi juzi waliniita kwao. Sahani ya tende ikazunguka, ikamfikia Mzee, akaipitisha kwangu bila kugusa.

"Kula na zangu, mama."

Nikala polepole, yeye akiniangalia.