Mawingu ya Karagwe Juu ya Rweya

Tulipokuwa wadogo, kwenda kwa bibi hakukuwa kwenda tu. Baba alikuwa amehamishiwa kijiji cha ujamaa huko Dodoma, nami nikapelekwa kwa bibi, kijijini Kishanda, nikasome. Nilipanda treni hadi Mwanza, nikatapika melini usiku kucha, nikateremka Bukoba, nikabanwa kati ya magunia kwenye basi la Muleba, na mwisho nikatembea. Nilifika mchana, jua kali. Bibi yangu, Ma Koleta, hakunipa hata pole. Alinivuta ndani akisema, "Ingia, radi zinakuja." Sijameza tonge la kwanza la ndizi, nyumba ikatikisika.

Mnaikumbuka rweya, ule uwanda wa nyasi nje ya migomba, ambako mama zetu walilima njugu mawe? Hakuna mti. Radi ikimkuta mtu kule, yeye ndiye mrefu kuliko vyote. Babu ilimuulia hukohuko kabla sijazaliwa, na Bibi aliendelea kulima palepale. Kwa hiyo kila mchana sikuwa na amani mpaka nilione jembe lake likirudi.

Nikaamua kujifunza. Bibi alinifundisha: tazama magharibi, upande wa Karagwe, wingu likipanda kama ukuta na upepo wa ziwani ukakatika, kimbia. Siku moja ukuta ukapanda, upepo ukakatika. Nikaizunguka rweya nikipiga kelele. Wanawake wakatupa majembe, kwa kuwa chuma huita radi, wakakimbilia migombani. Halikuanguka hata tone.

"Mjukuu wa Ma Koleta katupa likizo," walicheka.

Kesho yake mawingu yalikuwa vipande vya pamba tu. Nikatulia. Bibi akarudi amelowa chepechepe, radi zikipasuka nyuma yake.

"Hukuyaona?"

"Niliyaona, Bibi. Yalikuwa madogo."

"Na ya jana yalikuwa makubwa," akasema, kana kwamba hilo ni jibu.

Vijana wa leo husomewa hali ya hewa kwenye televisheni, wakiwa wamekunja miguu juu ya kochi. Wakidanganywa, wanabadili stesheni. Sisi tulidanganywa na mbingu yenyewe, na kesho yake tukaitazama tena. Nimehamahama miji mingi, na bado ikifika saa nane mchana natafuta magharibi iko wapi.

Baba alikuja kunichukua asubuhi moja, anga safi, upepo wa ziwani ukivuma. Bibi akasimama uani akatazama Karagwe.

"Msiende leo. Mchana itapiga vibaya."

"Mama, meli haitungoji," Baba akasema, akabeba sanduku langu.

Tukaondoka. Kutoka dirishani mwa basi niliitazama miinuko ya upande wa Karagwe hadi ikapotea. Mbingu ilikuwa bado nyeupe, bila wingu, na sikurudi tena Kishanda. Lakini kilichonichanganya, na kinachonichanganya mpaka leo, nilikiona kabla hatujafika barabarani. Niligeuka kumpungia mkono, nikamwona Bibi ameweka jembe begani, anapanda kwenda rweya.