Ufizi wa Kifungua Mimba Wangu

Mpaka leo sijui nani alimponya mwanangu, na hilo linaniudhi kuliko risasi zote tulizosikia Uvira miaka ile ya vita.

Alikuwa kifungua mimba, bado hajaanza kutambaa. Akashikwa na homa na kuhara, ufizi wa juu ukavimba, mwekundu, ndani yake kitu cheupe. Mama mkwe alipouona hakutaka maneno mengi. “Huyu mutoto iko na meno mubaya,” akasema. “Tumupeleke kwa wang'oaji wa mutaa wa Kimanga wayang'oe, kama hapana atakufa.” Kwetu watoto wengi waling'olewa hivyo, kwa spoki ya baiskeli, meno hayajachomoza hata kidogo.

Nikang'ang'ania tupite kwanza kwa muganga wa kituo cha afya, hapo hapo mtaani kwetu Songo. Akampa maji ya chumvi na sukari, akasema kuhara kumetokana na maji tunayokunywa, na kile cheupe ni jino la kweli, changa. Na uvimbe? Jamani, alinieleza kama vile mimi ni darasa zima! Kwenye damu kuna chembe nyeupe. Ufizi ukiumia unaziita; zinapunguza mwendo, zinashika ukuta wa mshipa, zinajipenyeza, zinatoka kupigana na vijidudu ndani ya nyama.

“Kama mshipa unapitisha hivyo, mbona damu haimwagiki?”

“Weye mama!” Akacheka. “Zinapita moja moja, ukuta unajifunga.”

Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Zinazokuja kumtetea ndizo zinazomvimbisha?

Tulipotoka, mama mkwe akiwa amembeba mtoto mgongoni, risasi zikalia upande wa mpaka. Watu wakatawanyika, nikawapoteza wote wawili. Jioni niliwakuta nyumbani. Kitenge kilikuwa na damu. Alikuwa amekwisha kumpeleka Kimanga! Nililia, nikamtukana, Mungu anisamehe.

Kesho yake homa ikashuka. “Umeona?” akasema mama mkwe. Nilitaka kusema ni yale maji, ni zile chembe. Ningemwonyesha nini? Mtoto akakua, meno mawili ya pembeni hayakuota kamwe.

Juzi mwanangu huyo alinipigia simu. Naye ni baba sasa. Mtoto wake ana homa, ufizi umevimba. Nikaanza habari ya mshipa na ukuta, nikajikanganya, nikaanza upya.

“Mama,” akanikatiza, “miye si niling'olewa, nikapona? Tumeshapanda pikipiki, tunamupeleka akang'olewe.”

“Shuka!” nikapiga kelele. “Mtoto asiguswe!”

“Juu ya nini asiguswe, Mama?” akauliza, na pikipiki ilikuwa bado inanguruma.