Jasho la Hamisi

Haya ninayoyasimulia yananitia aibu mpaka leo, na mkinicheka ni haki yenu, maana nilijidhalilisha mwenyewe mbele ya wodi nzima ya watoto, mchana kweupe.

Wakati ule nilikuwa nakaa Rahaleo, na wifi yangu Zainabu akaja kutoka kijijini Mpapura na mwanawe Hamisi, wa miaka minne, kifua hakiponi, anakula lakini hanenepi, na ukimbusu unaonja chumvi. Mtoto wake wa kwanza alikwisha kumzika kwa kikohozi kama hicho hicho. Tukampeleka hospitali, akalazwa wodi ya watoto, na bahati nzuri akapita daktari bingwa wa watoto kutoka Dar es Salaam, akasema kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao jasho la mtoto huzidi chumvi, basi atalipima. Hamisi akafungwa karatasi nyeupe mkononi, juu yake plastiki na bendeji, karatasi ilowe jasho. Zainabu akaenda kuswali adhuhuri, mtoto akaniachia mimi.

Sasa mimi na huruma zangu (na kiherehere changu, tuseme kweli) nikaona mtoto anatota, anajikuna, na daktari yuko njiani, atatuona watu wa namna gani? Nikafungua bendeji, nikamfuta vizuri kwa kanga, karatasi ikadondokea kwenye beseni la maji. Hapo ndipo nilipokumbuka ilikuwa ya nini. Ningesema tu, lakini nilimwogopa Sista, yule muuguzi mkali wa wodi, kwa hiyo nikachukua karatasi nyingine kwenye trei, nikaibana kwapani mwangu mwenyewe (jasho lenyewe lilikuwa linanitiririka kwa woga), ilipolowa nikamfunga nayo mtoto kama alivyokuwa.

Daktari alipokuja akafungua, akatazama, akanusa. Karatasi ilikuwa ya manjano na inanukia liwa, ile niliyojipaka asubuhi ili nipendeze hospitali.

"Mtoto huyu mnampaka liwa?" Sista akauliza.

"Ya shangazi," Hamisi akajibu. "Aliibana karatasi kwapani."

Akina mama wote wakaangua kicheko, mmoja mpaka akashika ukuta. Daktari hakucheka.

"Bibi," akaniambia taratibu, "ningepima jasho lako, nikawaambia mtoto hana ugonjwa, nikawarudisha nyumbani."

Nikageuka, kumbe Zainabu amesimama mlangoni, bado amejitanda kanga ya kuswalia. Hakunifokea. Alisema tu, "Nami ningeamini, wifi."

Wakarudia kwa mkono wa pili, mimi nimewekwa benchi la nje. Ugonjwa ulikuwepo kweli, Hamisi akapelekwa Dar es Salaam kutibiwa kifua chake.

Watu huwa nawasimulia habari ya kwapa peke yake, tunacheka, yanaisha. Ya Zainabu pale mlangoni huwa naimeza. Leo nimeisema, na tangu siku ile nikiharibu kitu cha mtu namwambia kabla hajaniuliza, hata kama wa kuambiwa ni Sista.