Waliokuwa Upande wa Mfalme

Kila nimenyapo chungwa hapa Kenton, London, harufu ya ganda lake hunirudisha kwenye darasa moja la Southall, mtaa mwingine wa jiji hili, majira ya baridi ya kwanza tangu sisi Wahindi tufukuzwe Kampala.

Mwalimu alikuwa akitusimulia jinsi makoloni ya Marekani yalivyochoka kutozwa kodi na mfalme wa mbali, yakapigana naye hadi yakawa jamhuri. Mimi sikuwa nimewahi kufungua mdomo darasani. Siku ile niliinua mkono.

"Na wale waliokuwa upande wa mfalme, walikwenda wapi?"

Wenzangu walicheka matamshi yangu. Mwalimu hakucheka. Alisema hajui vizuri, lakini atatafuta.

Kesho yake mchana aliniita, akiwa na kitabu kinene cha maktaba. Alimenya chungwa, akanipa nusu, tukasoma pamoja. Wengi wao waliacha nyumba na mashamba, wakapanda meli.

"Wengine walikuja hapa hapa London," akasema. "Nadhani nao waliiona baridi kali, kama wewe."

Jioni nilimweleza mama. Aliacha kusukuma chapati, akanitaka nirudie yote tangu mwanzo. Asubuhi alivaa sari yake nzuri, akanisindikiza shuleni, njia nzima akijifunza kushukuru kwa Kiingereza. Alipofika mbele ya mwalimu, maneno yalimpotea.

"Asante, mwalimu," akasema kwa Kiswahili, akimshika mikono yote miwili.

Mwalimu hakuuliza maana yake.